Nilivyotaka Kumzuia Boram Asiende Kanada

Uvumi ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki: ati wasichana wasafisha meno wakienda Kanada hawarudi. Jirani yangu, Mama Gyutae, ndiye aliyeniambia, tukitia kabichi chumvi.

"Dada, wanaolewa na wanaume wenye ndevu hadi kifuani! Mjukuu atakusalimia kwa Kiingereza."

Na binti yangu Boram, mwaka wa tisa akisafisha meno ya wagonjwa katika kliniki hapa mjini kwetu Jecheon, alikuwa ameshajaza fomu ya kwenda huko.

Nikabeba mtungi wa kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha kwa pilipili, mpaka kliniki, nimwombe bosi wake, Daktari Pyo, amnyime barua ya kuthibitisha kazi yake. Bila barua, hakuna safari. Lakini wa mapokezi akadhani nimefuata usafishaji wangu wa meno, ule unaolipiwa na bima mara moja kwa mwaka. Nikaona haya kukataa. Nikalazwa kitini, na aliyekuja na chombo ni Boram mwenyewe.

"Mama. Kimchi ya nani ile?"

"Aaa..."

"Panua. Ya kumhonga daktari, siyo?"

"Aaa!"

Jamani, ningejibu nini, mdomo umejaa maji na bomba? Akawa anakwangua ukoga huku anasema. Kwamba mchana wanakula wima, dakika nane. Kwamba ukiomba likizo unaulizwa nani kafa. Kwamba shingo inamuuma hata kulala hawezi. Mimi kila Jumapili nilikuwa namuuliza ataolewa lini.

"Kule nikisema fizi hii ina ugonjwa, Mama, daktari ananisikiliza. Hapa mimi ni ufagio."

Daktari Pyo, aliyekuwa akitusikia mlangoni, akaingia, akauona mtungi, akacheka.

"Mama, usihofu, barua siandiki. Kwani huko atafanya nini? Huyu ni wa kukwangua tu."

Nikainuka, nikatema.

"Wa kukwangua tu? Miaka tisa anawainamia wagonjwa wako! Andika sasa hivi, nakusubiri hapa hapa. Na kimchi yangu naondoka nayo!"

"Mama, lala, bado meno ya chini," Boram akaninong'oneza, anacheka huku machozi yanamtoka.

Barua iliandikwa. Huu ni mwezi wa nne yuko huko, nami nalia nikikata vitunguu, na nisipokata pia.

Akina mama wenzangu, epukeni haya:
Kumwendea bosi wa mtoto kwa siri.
Kuuliza habari za ndoa kabla ya kuuliza kama amekula.
Kushika maneno ya jirani ambaye hajafika hata Seoul.
Kumpigia simu alasiri yetu. Kule wamelala.