Kadi za Shemeji

Mpanga kurasa wa kiwanda kimoja cha uchapaji alikuwa na shemeji, mdogo wa mumewe, aliyeingia ofisini kwa undugu na kubaki kwa maneno mengi. Kila programu ya kupangia kurasa iliposasishwa, fonti za ofisi, yaani faili za herufi walizojiwekea wenyewe, zilitoweka, na shemeji akapiga kelele kwamba mashine ina virusi.

"Virusi ni wewe, shemeji," mpanga kurasa alimwambia. "Unaziweka ndani ya folda ya programu yenyewe, na sasisho likija linafagia kila kisicho chake. Unaacha nguo gesti halafu unalia umeibiwa! Ziweke kwenye folda yetu, uandike mstari mmoja wa kuielekeza programu ikatafute huko."

"Hayo mambo ya kizamani, shemeji. Mimi ni mtaalamu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akazirudisha palepale, akasasisha, kisha kwa mbwembwe akachapa kadi zake mpya za kazi. Herufi zilikwisha fagiwa tena: penye jina na cheo zikatoka safu mbili za visanduku vitupu.

Mpanga kurasa akachukua moja, akaitazama, akambandikia mlangoni. Tangu amfahamu, hakuwa ameona kadi iliyomweleza mtu sawasawa namna ile.