Bei ya Sindano

Kwenye karata, Shangazi alikuwa mwizi wa kutupwa. Alizificha chini ya paja, na ukimkamata anakuapia mpaka unajiona wewe ndiye mkosaji. Aliyemweza ni mtoto wa kaka yake tu, yule aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, mwembamba hadi akapachikwa jina la Sindano. "Shangazi, inuka kwanza tuone," ndiyo ilikuwa salamu yake mezani.

Siku hiyo Sindano alikuwa ng'ambo akicheza tenisi. Akishinda tu, angeingia kwenye mashindano makubwa aliyoyaota tangu utotoni. Shangazi alikuwa saluni kwake, mikono kwenye kichwa cha mama muuza viatu, macho kwenye televisheni ya ukutani. Muuza viatu naye aliikodolea macho simu yake. Alikuwa na hisa za Sindano kwenye soko la ubashiri: msichana akishinda, kila hisa inalipa mia, akishindwa, patupu. Hapo katikati bei hupanda na kushuka kadiri watu wanavyomwamini mchezaji. Shangazi hakuwa na hata hisa moja. Ndugu wa mchezaji haruhusiwi kununua, na Sindano, kwa kumjua alivyo, alikuwa amemwapisha.

"Tisini na nne!" muuza viatu alipiga kelele. "Shangazi, dunia nzima inasema ni wetu!"

"Tulia wewe, nitakusuka na sikio."

Sindano akabakiza pointi moja ashinde. Mpinzani akaudokoa mpira ukaanguka karibu na wavu. Sindano akachomoka mbio, akaunyanyua kutoka chini kabisa na kuuvusha, na mpinzani hakuufikia. Mwamuzi akatangaza ushindi. Shangazi akapiga makofi, chanuo likaruka huko, akalia bila aibu.

Lakini Sindano hakushangilia. Alitembea hadi kwenye kiti cha mwamuzi, akainua vidole viwili. Mpira ulikuwa umedunda mara mbili kabla hajaugusa. Mwamuzi hakuwa ameona, na mpinzani alikuwa tayari anakuja kumpa mkono. Pointi ikahamia kwa mpinzani, mchezo ukaendelea.

Muuza viatu akaruka kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Ana wazimu huyu? Sabini! Watu wanauza kama nyumba inaungua!"

Shangazi naye alikasirika, tusidanganyane. Kisha akamwona msichana akirudi kwenye mstari, mabega yaleyale, akiupiga mpira kwa nguvu zilezile, kama mtu ambaye hajapoteza kitu. Bei ilianguka, ikainuka, ikaanguka tena, naye akaufukuzia kila mpira mpaka ule wa mwisho, uliomshinda. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Yule ni msichana wa ajabu, na hilo halihitaji kupambwa.

Muuza viatu aliitazama sifuri yake, akakaa. "Haya, nimalizie kichwa," alisema. "Anacheza tena lini?"

Jioni simu ya Shangazi ikaita.

"Shangazi, umenikasirikia?"

"Niliuona," Shangazi alisema. "Ulidunda mara mbili, niliuona vizuri kabisa. Nikapiga makofi."

Upande wa pili kikasikika kicheko chenye machozi ndani yake.

"Rudi nyumbani, mwanangu," Shangazi alisema. "Tutacheza karata. Mimi nitacheza nimesimama."