Viatu vya Kijani

Bi Genoveva alikuwa amebakiza siku mbili Toronto arudi Tanga, na mjukuu wake Josephine, wa miaka tisa, alikuwa hajamwambia bado sentensi hata moja ya Kiswahili. Kila akiulizwa, hujibu kwa Kiingereza. Ndipo bibi akaomba wavuke ziwa kwa feri, watembee kisiwani ufuo hadi ufuo, wakitegeana vitendawili.

Mchangani akavua viatu, kama afanyavyo kwao. Lahaula! Hatua ya tatu tu, kitu laini na baridi kikapenya kati ya vidole. Mavi ya kijani ya bata bukini! Na njia nzima ilikuwa hivyo hivyo, mabichi kwa makavu, na bata wenyewe wanamtazama bila haya. Hata ziwani hakunawiki: ukingoni palikuwa na povu na samaki waliooza.

"Kitendawili!" akasema, amekunja pua.

Josephine akacheka tu.

"Sema tega, mama."

"Tega."

"Nimevaa viatu vya kijani, fundi hakuvishona."

Mtoto akawaza, akatikisa kichwa.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Toronto."

"Toronto? Siutaki! Mji gani huu, umejaa mavi ya bata!"

Josephine akaruka. "Mavi ya bata! Bibi, umesema jibu! Umevaa mavi ya bata!"

Bibi akasimama hapo hapo, mguu mmoja juu.

"Hebu sema tena," akamwambia.