Jiwe Lililorukwa

Madan Orelis anasema alikuwa ameinamia sufuria, anakoroga shira ya kashata zake, ua ameupa mgongo. Anasema alisikia kitu kinachakura, akadhani kuku. Kumbe ni Ketlo, mtoto wa Rozmen, mwenye miaka mitatu tu, kapenya peke yake chini ya ua wa minyaa kutoka upande wa jirani yake Islande, na huko kwa Islande hakuna jicho hata moja lililo wazi. Kabla hajageuka vizuri, mtoto keshaudaka mwiko. Shira ikammwagikia mguuni.

"Nilimrukia," anasema Madan Orelis. "Nikamfuta, nikamkatia shubiri nikampaka. Bila mimi, saa hizi mngekuwa mnatafuta mbao za kisanduku kidogo."

Jambo hilo alilisimulia kisimani, akalisimulia njiani kuelekea sokoni, na kila alipolisimulia lilizidi kunoga. Mara ya kwanza Islande alikuwa amekaa tu. Iliyofuata alikuwa anasinzia. Kufikia Alhamisi alikuwa anakoroma, na mkoromo wenyewe Madan Orelis aliuiga vizuri mno hadi wanawake wakashika mbavu.

Islande hakukoroma. Alikuwa nyuma ya nyumba, anamtawaza mtoto mwingine. Lakini hakuona lililotokea, na kila alipoulizwa alijibu hivyo hivyo: "Sikuona." Jibu kama hilo haliendi mbali. Hakuna anayelibeba kisimani.

Alikuwa msichana aliyeishia shule ya msingi, na ndiye aliyewaangalia watoto wa kijiji cha Fon Gwayav wakati mama zao wako sokoni Jakmeli. Mmoja humwachia kopo la mahindi, mwingine kipande cha sabuni. Sasa Rozmen alikuwa ametangaza kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, akina mama wakutane pale pale uani kwa Islande waamue kama watoto wataendelea kuletwa au la. Islande hakuwa na kazi nyingine. Wala hakuitaka nyingine.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Asubuhi, watoto wakishakunywa uji, kila mmoja alisimulia alivyofika pale. Islande aliketi kwenye kibao chake akasikiliza. Alikuwa ameona kwamba wadogo kabisa hutupa kwanza kile kilichowauma. "Mbwa! Nimelia!" Basi, imekwisha. Wakikua kidogo wanaanza kusema ni nani, alikuwa wapi, alitaka nini, na nini kilimzuia. Yeye hakuwasahihisha. Aliwaachia wenzao.

Mto wa Fon Gwayav hauna daraja; watu huvuka kwa kukanyaga mawe. Kwa hiyo msimuliaji akiruka jiwe, wasikilizaji hupiga kelele: "Sijavuka!" Na hapo hana ujanja, lazima arudi aliweke.

"Nilikuwa nakuja," Wilner alisema asubuhi moja, "mbwa akaniuma."

"Sijavuka! Mbwa gani?"

"Wa Bosi Tidje."

"Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu."

"Sijavukaaa!"

Wilner alitazama vidole vyake vya miguu. "Nilimrushia jiwe."

"Ahaa," wakasema wenzake, wakaridhika, wakataka kuona alipoumwa.

Mchezo huo Islande hakuubuni yeye. Ulikuwa wa Madan Orelis. Kwa hadithi zake ungedhani ameishuhudia nusu ya Haiti ikizaliwa. Islande alipokuwa mdogo, jua likishazama, mama huyo aliketi mlangoni akauliza, "Krik?" na watoto wakajibu, "Krak!" ndipo aanze. Katikati aliruka jiwe makusudi ili amjue aliyesinzia, na wa kwanza kupiga kelele alipewa kipande cha kashata. Siku hizi wajukuu zake wote wako Chile, na mlangoni pake huketi kuku.

Mchezo wa asubuhi Madan Orelis hakuupenda. Hadithi zina saa zake, na anayesimulia jua likiwa juu humpoteza mama yake. Hilo kila mtu analijua.

"Islande, unawafanya watoto wa watu yatima," alisema siku moja kutoka upande wa pili wa ua.

"Hawasimulii ngano, Madan Orelis. Wanasimulia walivyokuja."

"Chenye kichwa na mkia ni ngano, binti. Usinifundishe kazi yangu."

Katika watoto wote, aliyeshindwa kabisa alikuwa Dalina. Umri wake ulitosha kusimulia vizuri, lakini alianzia mkiani, na akipigiwa kelele alinyamaza moja kwa moja. Na siku ile Ketlo alipoungua, Dalina ndiye aliyekuwa amekaa karibu na ua. Rozmen alipofika mbio kutoka sokoni, alimpakata mwanawe aliyekuwa analia, akamgeukia Dalina.

"Wewe ulikuwa hapa. Uliona nini?"

"Kashata," alisema Dalina.

"Eh? Kisha?"

"Mikono ilikuwa juu."

"Mikono ya nani?"

"Juu."

"Sijavuka!" wakapiga kelele wenzake, kwa mazoea tu.

Dalina alitia kidole mdomoni. "Huyu naye," alisema Rozmen, "anaongea kama redio iliyoishiwa betri." Hakuna aliyemuuliza tena.

Islande aliliweka neno hilo la mikono, ingawa hakujua aliweke wapi. Kesho yake alifua shati la Ketlo, ambalo walikuwa wamemvua siku ile. Kwenye pindo palikuwa na shira iliyokauka. Alitafuta utomvu wa minyaa, mgongoni, mabegani, kwenye kola. Utomvu huo ukigusa nguo hauondoki, na ukigusa ngozi unababua. Shati halikuwa na hata doa moja la utomvu. Alilianika, akalitazama likikauka, kisha akalikunja. Angelionyesha kwa nani? Madan Orelis angesema limefuliwa, na watu wangecheka.

Jumapili akina mama walikuja na nguo zao za kanisani, wakaketi kwenye viti walivyojibebea. Ketlo alikuwa mapajani mwa mama yake, mguu umefungwa kitambaa, anakula ndizi. Watoto waliambiwa wakae nyuma ya nyumba, nao wakakaa nyuma ya viti.

Islande aliulizwa kwanza. Alisema alikuwa anamtawaza mtoto, akasikia kilio, akatoka mbio. Hakuona. Mwanamke mmoja alipiga miayo.

Kisha Madan Orelis akasimama.

Alisimulia vizuri, hilo lazima lisemwe. Moto ulisikika ukilia chini ya sufuria, karanga zikanukia. Alipofika kwenye mkoromo alimtazama Islande kwa huruma, na hata Islande mwenyewe alijikuta ameinama mbele kusikiliza.

"...nami nimeinama hivi, mgongo huku. Nikasikia nyuma yangu, cha-cha-cha. Nikasema, kuku hawa! Nageuka, nani? Ketlo! Mwiko uko mkononi, shira inachemka..."

Rozmen alifumba macho.

"Sijavuka!"

Sauti ilitoka nyuma ya viti. Ilikuwa ndogo, na wengi walidhani wamesikia vibaya.

"Sijavuka," alirudia Dalina.

"Dalina!" Mama yake aligeuka. "Funga huo mdomo! Ndivyo unavyofundishwa hapa?"

Lakini Madan Orelis alikuwa keshatabasamu. Lilikuwa tabasamu la zamani, la mlangoni, na lilimtoka kabla hajalizuia. "Hujavuka wapi, mwanangu?"

"Kwenye ua."

"Si nimesema? Amepita chini."

"Chini hakupitiki," alisema Wilner. "Mimi nilipita nafuata mpira nikababuka mgongo mzima. Tazameni." Akapandisha shati. Makovu yalikuwepo. "Mbona Ketlo hakubabuka?"

Macho yakamwendea Ketlo. Rozmen alimfunua mgongo taratibu, akapitisha kiganja. Ulikuwa laini, umepakwa mafuta kwa ajili ya kanisa. Mtoto alicheka, akidhani anatekenywa.

"Sijavuka!" alisema mwingine. "Sijavuka!" wakadakia wote, kwa furaha, kama asubuhi yoyote nyingine.

"Islande," alisema Madan Orelis, na sauti yake ilikuwa imepungua, "watoto wako hawana adabu. Wanyamazishe."

Islande alikuwa bado kwenye kibao chake. Neno moja lake lingetosha. Kwake watoto hao walinyamaza hata akikohoa. Alikunja pindo la sketi yake, akalikunjua.

"Wanaomba jiwe tu, Madan Orelis," alisema. "Ulitufundisha wewe."

Madan Orelis alifungua mdomo. "Basi," alianza, "basi mtoto alikuwa..." Akaketi. Katika Fon Gwayav hakuna aliyewahi kumwona akiketi katikati ya hadithi.

Rozmen alikuwa anamtazama, hapepesi macho.

Ndipo Dalina alipotoka nyuma ya viti. Alipita katikati ya magoti ya akina mama, gauni lake jeupe likinasa hapa na pale, mpaka akasimama mbele ya Madan Orelis. Alifikiri kidogo. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama ya mtu anayepanga kitu. Kisha akainua mikono yote miwili juu, kama ainuavyo mtoto anayetaka kubebwa.

"Krik?" alisema.

Hakungoja "Krak!"

"Ketlo alikuwa uani," alisema Dalina polepole. "Alitaka kashata. Ua ukamzuia. Akafanya hivi." Aliinyoosha mikono zaidi, hadi akasimama kwa ncha za vidole. "Ninyanyue na mimi, Madan Orelis. Kama ulivyomnyanyua Ketlo."

Mikono ya Madan Orelis ilikuwa magotini pake. Ya Dalina ilikuwa bado juu.