Wa Kuja Bila Kutajwa

Chai ya saa nne ilikuwa bado jikoni wakati kompyuta ya chama cha ushirika cha kahawa, pale Mikinduri, ilipomwuliza Celina swali. Ilikuwa kompyuta ya maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, isiyojua panya wala picha. Ilitaka kujua: mtu akifungua faili bila kutaja programu ya kuandikia, ije ipi? Nano, inayoonyesha njia ya kutoka pale chini, au vi, inayomwacha mtu ajitafutie njia ya kutoka?

Celina alilielewa swali hilo vizuri mno. Meneja Marete alikuwa na tabia ya kuita "Njoo!" bila kutaja jina, na miaka yote aliyekuja alikuwa Celina. Tangu msichana Karambu aajiriwe, Celina akiinuka huambiwa akae, aende Karambu. Na sasa cheo cha mkuu wa chumba cha kompyuta kilikuwa wazi. Wivu ulimwasha kooni kama nduma isiyoiva.

Karambu alijua nano tu. Celina akachagua vi, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, viatu vya Karambu vilikuwa chini ya meza. Mwenyewe alikuwa ndani ya skrini, ameketi upande wa kushoto, miguu mitupu.

"Mama Kathuri, hii kitu imenimeza," alimwambia Celina. "Natoka aje?"

Celina alijua vibonyezo vyote vya kumtoa. "Hata mimi sijui," akajibu, akavuta kiti chake.

Marete alipoingia alimsalimu Karambu pale pale alipokuwa, akalalamika kwamba skrini ina vumbi, akaifuta kwa leso yake. Kufikia Ijumaa alikuwa amehamishia kiti chake mbele ya kompyuta. Walikunywa chai pamoja. Kikombe cha Karambu kiliwekwa kando ya kibodi, chai yake ikapungua polepole. Jumatatu Karambu akatangazwa mkuu wa chumba.

"Huyu hatoki kazini hata saa ya lunch," Marete alieleza.

Roho ilimuuma Celina. Afadhali msichana awe nje, ambako watu huenda nyumbani jioni. Marete alipotoka kidogo, Celina aliweka vidole kwenye kibodi.

"Nakutoa," alisema.

"Kumbe unajua?"

"Nilijua toka siku ya kwanza. Ni wivu."

Karambu hakukasirika. Alitazama viatu vyake chini ya meza.

"Wacha tu, Mama Kathuri. Huko nje nitakaa miaka mingi kama wewe, halafu Meneja aandike msichana mwingine kazi."

Celina akaondoa vidole.

"Njoo!" Marete aliita kutoka ukumbini.

Celina aliinuka kabla hajafikiri.

"Si wewe," alisema Marete mlangoni. Na kwa kuwa aliyeitwa hakuweza kuja, alikuja mwenyewe, akaketi mbele ya skrini.

Chai ya Karambu ilikuwa imepoa. Celina aliichukua akaenda kuipasha moto.