Bati la Mama Haroun

Kwenye skrini ya simu yangu ukuta wa bati wa nyumba ya Mama Haroun uliwaka kama chumvi juani. Yeye mwenyewe, ameketi mbele yake na buibui jeusi, alikuwa shimo lenye umbo la mtu.

Victor wa kituo cha televisheni alikuwa kwenye simu.

“Bro, picha yako imerudi. Hiyo bati imepita kiwango. Mashine haiwezi kuipeleka hewani.”

“Nikishusha mwangaza, mama anapotea.”

“Shusha tu. Taarifa ni saa moja.”

Kazi hii nilijifundisha, hakuna aliyenishika mkono. Grafu ya mwangaza ina mstari juu, kinachouvuka hakipiti. Niliposhusha, bati lilitii na uso ukazama gizani. Nilipojaribu kuuangaza uso peke yake, nikapata chengachenga tupu. Simu yangu haikuwa imeunasa.

Na tingatinga la kubomoa nyumba zetu lilikuwa linakuja mtaani Makina asubuhi. Walipotaka kubomoa mstari wa nyumba nyuma ya msikiti, miaka mingi iliyopita, kamera ilifika mapema, na wakubwa wakageuza mashine njiani kwa aibu. Wengine wamesahau. Mimi sisahau. Mama Haroun alihitaji kuonekana jioni ile, uso na nyumba, la sivyo asingebakiwa na kitu cha kuonekana.

Nilirudi kwake na blanketi. Nilikuwa mpangaji wake, chumba cha mwisho.

“Mama, tufunike huu ukuta kidogo. Unang’aa sana.”

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa mlangoni pake.

“Wanzala, hii bati ni mpya. Nimeiweka juzi, kabla ya Ramadhani. Unataka Nairobi nzima iseme mimi Fatna nakaa nyumba ya blanketi?”

“Ni kwa sababu ya mashine yao, mama.”

“Basi ifunike mashine yao.”

Jua lilikuwa limeinama nyuma yangu, likipiga ukuta moja kwa moja. Wesonga, fundi seremala jirani yetu, alikuwa akifunga kitanda kwenye mkokoteni. Wiki nzima hatukuwa tumesemeshana, kwa kuwa nilimwita mwoga mbele ya watoto wake, alipoacha kuja mikutano yangu ya kupinga ubomoaji. Alisimama kupangusa jasho, na kivuli chake kikaanguka kwenye bati. Kwenye simu, kipande kile kikatulia. Kila mkunjo ukaonekana.

“Wesonga, usitoke hapo!”

“Ni nini tena? Mkutano?”

“Simama tu. Nataka kivuli chako.”

Akacheka. “Miaka yote ukitaka damu yetu. Leo umekubali kivuli?”

Lakini alisimama. Akamwita jirani yetu Sumaya, akawaita waliokuwa wakibeba magodoro. Wakajipanga nyuma yangu bega kwa bega, watu ambao walikuwa wamekwisha kuhama moyoni. Jirani mwingine, Nasike, alikuja mwisho, mtoto mgongoni. Kivuli kikampanda Mama Haroun magotini, kifuani, kisha uso wake ukatokea kwenye skrini, mikunjo yote na macho makali.

“Hapa nilizaliwa,” alisema. “Na mama yangu hapahapa.”

Grafu haikugusa mstari. Victor akaandika: *Safi.*

Saa moja ikafika. Alionekana vizuri kweli, bati nyuma yake likiwa limetulia. Lakini sauti yake waliikata. Mtangazaji alisema juu ya uso wake kwamba wakazi wanahama kwa hiari. Mwangaza wana mashine ya kuupima. Maneno yale hayakupimwa na yeyote.

“Bati imeonekana?” aliniuliza, maana hakutaka kuja kutazama.

“Imeonekana, mama.”

Asubuhi walibomoa.

Siku hizi nakaa mtaa mwingine, Gatina, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta wa jirani nisiyemjua jina. Mama Haroun alichukuliwa na mwanawe. Namba ya Wesonga haipatikani. Mikutano bado naitisha, na viti bado nakunja mwenyewe.

Zipo siku naifungua ile video, bila sauti. Simtazami sana Mama Haroun. Natazama bati nyuma yake, pale kivuli kirefu cha Wesonga kinaposogea kidogo, Nasike apate pa kusimama.