Mninga wa Mzee Ansgar

Mwaka 1952 Valerian alirudi Ushirombo na kofia ya idara ya misitu, na ile kofia ilijua kazi kuliko kichwa kilichoivaa. Hayo anayasema mwenyewe. Mafunzoni aliambiwa kwamba mti huishi kwa ganda lake. Moyo unaweza kuoza wote na majani yakabaki mabichi. Kwa hiyo usihangaike na majani. Tazama shina: ukiona uyoga mgumu umeota pale, ndani kuna maradhi. Kisha gonga kwa mgongo wa shoka, usikilize.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, akaenda kuposa kwa Mzee Ansgar, mrina asali, baba yake Generoza. Mzee akampeleka kwenye mninga wa kando ya nyumba, alikotundika mizinga yake.

"Nasikia wewe daktari wa miti. Huu aliniachia marehemu baba. Wapo wanaosema mgonjwa. Ati mgonjwa! Wivu tu."

Uyoga ulikuwepo shinani, mpana kama sahani. Valerian akagonga, ndani utupu mtupu. Lakini akauona uso wa mzee, akamwona na Generoza mlangoni, mafunzo yote yakamruka.

"Mzima, baba. Majani yale si ya mgonjwa."

Daktari gani huyo! Majani hata mbuzi anayaona.

Mzee akafurahi mno, akamwita mkewe. "Febronia, lete kamba na mwenge! Mkwe wangu leo atakula asali!" Kabla Valerian hajameza mate, mzee alishazungusha kamba shinani, anapanda na uzee wake, huku anamsifu.

Mti ukaalika, ta! Akilini Valerian akamwona Generoza akikosa mume na baba mchana mmoja.

"Shuka, baba! Umeoza! Nilijua tangu nilipogonga, nikakudanganya ili unipe binti!" Sauti ilimtoka nyembamba ajabu, na kofia ikaanguka.

Mzee akashuka polepole. Generoza alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Kwa kilio au kicheko, Valerian hakuthubutu kuuliza. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni.

"Ungenyamaza, kijana," mzee akasema, "ningekufa nimeshakukubali."

"Ndiyo, baba."

"Sasa umesema, na mimi niko hai. Kesho njoo uukate. Posa tunaanza upya."

Akamsogelea, akamgonga kifuani kwa vifundo vya vidole, akatega sikio.